Ekipe haijengwi na kelele, inajengwa na karatasi

Huku kwetu Nyamianda, mutu hahitaji redio ili ajue kama Mazembe ao Vita Club ilipoteza jana. Apite tu asubuhi, saa mama zetu wa ndagala wanatoka upande wa ziwa na mabeseni yao, atasikia kelele kwenye kona ya motari. Kama kelele ni nyingi, ekipe ilipigwa. Kama wote wako kimya na mumoja tu anacheka, ekipe ilipigwa na tena yule anayecheka ni wa ekipe ingine.

Na siku hizi, kusema kweli, kelele ni nyingi kuliko kicheko. Mabishano yenyewe tunayajua kwa moyo. Kuna wale wa kwanza: “Kocha aende!” Kila kocha anayekuja, baada ya mechi tatu wanataka aende. Kuna wale wa pili: “Prezida atoe feza, anunue wachezaji.” Wanahesabu feza ya mufuko wa mutu mwingine kama vile ni yao. Halafu kuna wale wa tatu, na hao njo wengi: “Wachezaji wetu ni wasaliti. Tunawalea, wanakula kwetu, kesho unawaona kwenye televizio na jezi ya Yanga ao ya Simba.”

Juma moja iliyopita, muzee mumoja anayeheshimiwa pale kwenye kona alikata maneno yote na ulizo moja: “Vijana, muniambie. Mayele alipoondoka Vita, kontra yake ilikuwa imebakiza muda gani?” Hakuna aliyejibu. Walijua magoli yake yote. Walijua anavyoshangilia. Juu ya kontra, hakuna aliyejua kitu, na sisi pia hatukujua.

Kwa ulizo lile njo tunaandika leo. Tunaona kwamba mashabiki wa Kongo tunagombana juu ya kocha, juu ya prezida, juu ya wachezaji, lakini kitu kinachobeba hao wote, yaani karatasi, hatukiangalii. Na tusipokiangalia kwa ekipe kubwa za Lubumbashi na Kinshasa, hatutakiangalia hata kwa vijana wetu hapa Uvira. Hapo njo hasara itatukuta sisi wenyewe.

Namna ziwa lilivyogeuka

Tuanze na kumbukumbu, juu watu wanasahau haraka. Januari 2019, Vita Club ilipokea Simba mu Kinshasa kwenye Ligi ya Mabingwa, ikaipiga 5-0. Tano! Huku Uvira watu walioangalia kwenye sale za video walitoka wakiimba. Mu Machi, kule Dar es Salaam, Simba ilishinda 2-1, lakini sisi tukasema ile ni bahati.

Miaka miwili ikapita. Februari 2021, Simba ikarudi Kinshasa, ikashinda 1-0. Mu Aprili, Dar es Salaam, ikashinda 4-1. Vita ile ile, kocha yule yule Florent Ibenge, aliyeifikisha fainali ya Ligi ya Mabingwa mu 2014 na fainali ya Kombe la Shirikisho mu 2018.

Sasa muangalie kilichofuata. Mu 2020 Yanga ilikuwa imekwisha kumuchukua Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe kutoka Vita. Mu 2021 ikamuchukua Fiston Mayele na Djuma Shaban, wote wawili wa Vita. Mwaka huo huo Simba ikamuchukua Henock Inonga kutoka DC Motema Pembe. Mu 2023 Yanga ikaenda hata Kindu, ikamutoa Maxi Nzengeli kwa Maniema Union. Na Ibenge mwenyewe akaondoka mu 2021, akaenda Berkane kule Maroko, akabeba Kombe la Shirikisho mu 2022, akapita Al Hilal ya Sudan, na mu 2025 akatua Azam, Dar es Salaam. Hata kocha alivuka ziwa!

Na Mazembe yetu? Mu 2023, kwenye makundi ya Kombe la Shirikisho, ilipigwa na Yanga 3-1 kule Dar, halafu 1-0 pale Lubumbashi, nyumbani kabisa. Yanga ile ilikuwa na Wakongomani ndani yake. Mayele akamaliza mashindano yale na magoli 7, Yanga ikafika fainali. Mwaka ule ule, kwenye ligi ya Tanzania, alifunga 17, sawa na jirani yetu wa Burundi, Saido Ntibazonkiza wa Simba. Kisha akaenda Pyramids ya Misri. Tarehe 1 Juni 2025 akabeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na goli lake likiwa ndani ya mechi ile ya mwisho mbele ya Sundowns.

Basi watu pale kwenye kona wanasema: “Munaona? Ni wetu, na ni wengine wanaokula.” Ni kweli. Lakini ulizo ni hili: walifungua mulango wenyewe, ao walikuta uko wazi?

Musaliti ni nani?

Sheria ya FIFA juu ya wachezaji si siri, na haihitaji mutu asome unifaa nyingi ili aielewe. Tuchukue vitu vitatu tu.

Cha kwanza. Muchezaji akibakiza miezi sita kwenye kontra yake, ana ruhusa ya kusaini na ekipe ingine. Kontra ikiisha anaondoka, na ekipe yake ya zamani haipati feza ya kumuuza. Hapo hakuna wizi. Ekipe iliyolala mpaka miezi sita ya mwisho imejinyima yenyewe.

Cha pili. Ekipe ikikosa kumulipa muchezaji mishahara ya miezi miwili, na kosa likiwa la ekipe, muchezaji anaweza kuandika barua, akaipa ekipe siku 15 za kulipa deni lote. Siku hizo zikipita bila malipo, ana haki ya kuvunja kontra na kuondoka huru. Tuseme wazi: miezi miwili! Mu nchi yetu, muko munajua mutu gani anayeona miezi miwili bila mushahara ni jambo la ajabu? Walimu wetu wanajua. Askari wanajua. Sisi tumezoea, lakini karatasi ya FIFA haijazoea.

Cha tatu. Kontra ya muchezaji mukubwa haipite miaka mitano. Kontra ya mutoto asiyefika miaka 18 haipite miaka mitatu. Kwa hiyo hakuna “muchezaji wetu wa milele.” Kuna paka muchezaji mwenye kontra inayohesabika kwa miaka, na kiongozi mwenye akili anaifanya upya mapema, mwaka mumoja na nusu ao miwili mbele ya mwisho, wakati muchezaji bado ana furaha na bado hajapigiwa simu na mutu wa Kariakoo.

Kwa hiyo, kijana anayeacha Kinshasa anakwenda Dar es Salaam, kabla ya kumuita musaliti, tuulize maulizo matatu: alikuwa analipwa? Kontra yake ilikuwa imebakiza nini? Nani alimufuata ili waifanye upya, na lini? Majibu yakiwa mazuri kwa ekipe, sawa, tumukasirikie. Yakiwa mabaya, hasira yetu iende ofisini.

Tena tusisahau kwamba sisi pia tulikuwa wanunuzi. Mu 2011 Mazembe ilivuka upande wa Tanzania ikamuchukua Mbwana Samatta kutoka Simba. Hatukusema Samatta ni musaliti. Tulipiga makofi. Mu 2015 akatupa Ligi ya Mabingwa. Januari 2016, kontra yake ikiwa imebakiza miezi michache tu, akaenda Genk ya Ubelgiji. Genk wakamutunza miaka minne, na Januari 2020 wakamuuza Aston Villa, Uingereza, kontra ikiwa bado na uzito. Ni muchezaji mumoja. Hesabu za ofisi mbili hazikufanana kabisa.

Kule Dar walifanya nini?

Wengine wanapenda kusema: “Watanzania wana feza, sisi hatuna.” Feza iko, tusibishe. Mu 2021 Azam Media ilisaini na shirikisho la kule mukataba wa televizio wa miaka kumi, wa shilingi bilioni 225 na zaidi. Ile feza inagawanywa kwa ekipe, kubwa na ndogo. Nyuma ya Yanga kuna GSM, nyuma ya Simba kuna Mohammed Dewji.

Lakini feza ya televizio inafuata ligi yenye tarehe. Nani atanunua ligi asiyojua itaisha lini? Sisi, musimu wa 2022-2023, Linafoot ilisimama njiani bila bingwa. Ekipe ilicheza, ilisafiri, ililipa ndege kutoka Kindu mpaka Kinshasa, mwishowe hakuna kombe. Mwenye duka akiona hivi, ataweka feza yake? Sisi hapa Nyamianda, mutu akikukopesha mara moja ukakosa kumurudishia, mara ya pili atakuambia feza iko kwa bibi.

Na Mazembe, tuipe heshima yake. Ni ekipe ya 1939. Imebeba kombe kubwa la Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mu Desemba 2010 ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, baada ya kuitoa Internacional ya Brazili 2-0. Prezida Moïse Katumbi alijenga uwanja pale Kamalondo, akajenga na shule ya mupira. Hakuna prezida mwingine wa klabu mu Kongo aliyefanya vile. Mu Aprili 2024, na kikosi chenye vijana wengi, ilifika nusu fainali, ikatoka 0-0 na Al Ahly pale Lubumbashi kabla ya kupigwa 3-0 Kairo. Musimu uliofuata ikabaki kwenye makundi.

Mashabiki wanaona panda-shuka hii wanasema: “Kocha!” Sisi tunasema: ekipe inayosimama juu ya mufuko wa mutu mumoja, hata mutu yule akiwa mwema kiasi gani, inalala siku yeye analala. Akiwa na kazi ya siasa, ekipe inasubiri. Akiwa mbali, ekipe inasubiri. Vita Club nayo ilitoka mikononi mwa Jenerali Gabriel Amisi, mu 2021 ikaenda kwa Bestine Kazadi, halafu ikaingia kampuni ya Uturuki, Milvest. Kila anayekuja anakuja na watu wake na ahadi zake, na muchezaji anashangaa: nani njo atafanya upya kontra yangu?

Kujenga upya si kununua upya

Hapa njo tunatofautiana na ndugu zetu wa “nunua, nunua.”

Mutu akijenga nyumba huku kwetu, tangu mafuriko ya Aprili 2020, hata fundi muzuri anaanza kuuliza: mutaro wa maji unapita wapi? Tuliona nyumba nzuri, zenye mabati mapya na madirisha ya vioo, zinaondoka na Mulongwe usiku mumoja. Tukaona tena ziwa linapanda miaka iliyofuata, linaingia mu vyumba vya watu. Rangi haikusaidia kitu.

Na ekipe ni vile vile. Kununua wachezaji sita mu Julai ni kupaka rangi. Mutaro njo huu: orodha ya kontra zote, mwaka gani kila moja inaisha, nani ana miaka 19, nani ana 31, nani atauzwa ili feza yake ilipe wengine, nani yuko nyuma yake tayari. Kiongozi anayeweza kukuonyesha karatasi hiyo, hata akipoteza mechi nne, anajenga. Kiongozi asiyekuwa nayo, hata akishinda mechi nne, anabahatisha.

Mufano uko karibu. Maniema Union si ekipe ya matajiri wa Kinshasa. Ni ya Kindu, muji wa mutoni, mbali na barabara nzuri. Lakini walitoa Maxi, hawakufa. Musimu wa 2024-2025 waliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa, pamoja na Sundowns, Raja na FAR. Hawakupita, ndiyo, lakini walifika. Kuuza muchezaji si aibu. Aibu ni kumupoteza bure, halafu kumutukana kwenye redio.

Na kujenga upya kunaomba kitu ambacho sisi mashabiki hatuna: uvumilivu. Kijana wa miaka 18 anayewekwa leo ataiva baada ya misimu mitatu. Mu misimu mitatu hiyo, tutapigwa. Tunakubali? Ao tutarudi kwenye kona kusema kocha aende? Kila tunapomufukuza kocha kwa kelele, kiongozi anafurahi mu moyo wake, juu tumemusaidia kuficha orodha ile ambayo hana.

Na sisi wa Uvira?

Mutu atasema: haya yote ni mambo ya Lubumbashi na Kinshasa, yanatuhusu nini sisi wa Nyamianda? Yanatuhusu sana. Tusikie kisa kimoja.

Tulikuwa na kijana wa mutaa wetu, jina lake hatulitaji. Alianza kucheza akiwa na miaka 11 kwenye ekipe ndogo ya hapa, ya jezi za kuazima. Kocha wake, mutu anayelipwa na asante tu, alimufundisha miaka sita. Alimununulia viatu mara mbili. Siku zingine alimupa chakula. Halafu kijana akapanda mashua, akavuka mpaka Kigoma, akaomba majaribio, wakamupenda. Leo anacheza kule, ana mushahara, anatumia mama yake feza, na sisi tunamushukuru Mungu.

Siku moja mutu mwenye akili akamuuliza kocha: “Huyu mutoto akiuzwa kesho, wewe utapata fungu lako. Lisansi zake ziko wapi?” Kocha akacheka. Lisansi hakuwahi kuwa nayo. Majina ya watoto wote, tarehe zao za kuzaliwa, mwaka walioingia, alikuwa ameandika mu kaye ya shule. Kaye ilienda na maji mu Aprili 2020. Kule ng’ambo kijana ameandikwa kama vile alianza mupira siku aliposhuka kwenye mashua. Miaka sita ya kocha haiko mahali popote duniani, paka mu kichwa chake na mu miguu ya mutoto.

Hapa tuseme hesabu, juu hesabu haina siasa. FIFA inasema: muchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda ingine kabla kontra yake haijaisha, asilimia 5 ya bei inatolewa kwa ekipe zote zilizomulea kutoka miaka 12 mpaka 23. Kwa kila musimu wa miaka 12, 13, 14 na 15, ekipe inapata robo ya asilimia moja. Kwa kila musimu wa miaka 16 mpaka 23, nusu ya asilimia.

Tuchukue bei ya dola 1 000 000, ambayo kwa mupira wa leo si kubwa. Ekipe ya Uvira iliyokaa na mutoto misimu minne, kutoka miaka 12 mpaka 15, inapata asilimia moja: dola 10 000. Ikikaa naye misimu miwili tena, miaka 16 na 17, inafika dola 20 000. Na akiuzwa mara ingine, inapata mara ingine. Dola 20 000 mu mutaa wetu ni nini? Ni uwanja uliosawazishwa, ni jezi, ni mipira ya miaka kumi, ni kocha anayelipwa.

Tena kuna fungu lingine, la malezi, linalolipwa muchezaji akisaini kontra yake ya kwanza ya kazi kwenye ekipe ingine, na akihama tena mpaka mwaka anaofikisha miaka 23. Na tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi Paris inayopokea na kugawa feza hizo. Haihitaji prezida wa Uvira apande ndege kwenda kulilia mulango wa mutu. Inafuata tu maandishi: nani alimuandikisha mutoto huyu, mwaka gani, kwenye shirikisho gani. Jina likiwa ndani, feza inatoka. Jina likikosa, feza inabaki kwa wengine, na hakuna aliyekuibia.

Ile kontra ya Mayele ambayo hakuna aliyeijua pale kwenye kona, na kaye ya kocha iliyoenda na maji, ni ugonjwa mumoja.

Wazazi wana haki ya kuogopa

Tunajua jibu ambalo wazazi wengi watatupa. “Karatasi? Karatasi njo wanafungia watoto wetu.” Na wana haki. Tumeona viongozi wa ekipe ndogo wanashika lisansi ya mutoto kama vile wameshika mbuzi. Mutoto anapata nafasi Bukavu, Kalemie ao Bujumbura, kiongozi anasema: leteni kwanza dola kadhaa, ndipo nitatoa barua. Mutoto anakaa mwaka mzima bila kucheza. Mwaka mumoja kwa kijana wa miaka 17 ni mwingi.

Kwa hiyo hatuombi karatasi ya kufunga. Tunaomba karatasi ya kushuhudia. Tofauti ni kubwa. Lisansi inasema: mutoto huyu alicheza hapa, kutoka mwaka huu mpaka mwaka huu. Haisemi: mutoto huyu ni mali yetu. Kiongozi anayejua kwamba fungu lake litakuja kwa sheria siku mutoto atakapouzwa, hana sababu ya kumuzuia mulangoni. Kinyume chake: atamusukuma aende mbali, juu kadiri anavyopanda, na ekipe ya mutaa inapanda pamoja naye.

Basi maneno yetu ni mafupi.

Kwa wakubwa wa Entente na wa Ligi: andikisheni watoto, si wakubwa peke yao. Musingoje mutoto awe na miaka 18. Na bei ya lisansi ya mutoto iwe ndogo kiasi kwamba ekipe ya jezi za kuazima iweze kuilipa.

Kwa viongozi wa ekipe: kila mutoto awe na karatasi yake, na nakala yake, na picha yake kwenye simu ya watu watatu. Ziwa linaweza kupanda tena. Vita pia: Goma ilianguka mu Januari 2025, Bukavu mu Februari, na watu wengi walikimbia na nguo walizovaa tu. Kaye moja mu nyumba moja si ofisi.

Kwa wazazi: musisaini kitu ambacho hamukusoma. Mutoto wenu hajafika miaka 18? Muulize kontra ni ya miaka mingapi. Ikipita mitatu, rudisheni kalamu.

Na kwa sisi mashabiki wa kona: tuendelee kubishana, hiyo ni dawa yetu, bila mabishano asubuhi ya Nyamianda haina chumvi. Lakini siku Mazembe ao Vita itapigwa tena, na itapigwa, mutu mumoja kati yetu asimame aulize lile ulizo la muzee: kontra imebakiza muda gani? Baadaye avuke barabara, aende kwenye uwanja wa watoto, amuulize kocha pale: majina ya hawa yako wapi?